Kwa nini tunakutembeza kabla ya kukukimbiza

Malalamiko haya yanarudi kila msimu, na safari hii yalikuja kwa maneno makali. Mteja mmoja wa programu yetu ya kurudi kwenye mbio hapa Dar es Salaam, baba wa miaka 46, aliandika kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wenzake wote: "Kocha, mimi nimelipia kukimbia. Wiki ya nne hii bado unanitembeza. Kutembea natembea bure kwenda sokoni." Akataka arudishiwe nusu ya ada. Nilimpigia simu tukaongea kwa kirefu, na kwa ruhusa yake najibu hapa, maana najua wapo wengine wanaowaza hivyo hivyo ila wanaona aibu kusema.

Wengi wanaokuja kwetu wana miaka kati ya 40 na 55, na karibu wote waliwahi kukimbia kweli. Yupo aliyekimbia mita 1500 UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Yupo aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mchakamchaka alfajiri na nyimbo juu. Baadaye ikaja kazi, wakaja watoto, foleni ya Ubungo kila jioni, kiti cha ofisini, na miaka 15 au 20 ikakatika. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kilomita 42, watu wa rika hili wamepata moyo wa kurudi barabarani. Nafurahi mno kuwaona. Lakini niseme wazi: aliyewahi kukimbia ni mteja mgumu kuliko asiyewahi kabisa. Asiyewahi anasikiliza. Aliyewahi amebeba kasi yake ya zamani kichwani, na siku ya kwanza tu anataka kuitoa.

Kinachowadanganya ni pumzi. Pumzi inarudi mapema. Ndani ya wiki tatu au nne moyo unaanza kuitikia, ujazo wa damu unaongezeka, mapigo yanatulia, na ngazi za ofisini hazikuhemeshi tena. Misuli inafuata. Kano na mifupa ndivyo vinavyobaki nyuma. Kano ya kisigino inapata damu kidogo, kwa hiyo inajijenga kwa miezi. Mfupa ukianza kupokea vishindo upya, mwili huuchimba kwanza ndipo uujaze, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo kuna kipindi, kama kuanzia wiki ya nne hadi ya nane, mtu anajisikia ana nguvu za kukimbia kilomita 10 wakati mfupa wake wa ugoko haujawa tayari hata kwa tatu. Majeruhi ninaowapokea kutoka kwingine, wengi wao wameumia katika kipindi hicho hicho.

Piga hesabu na wewe. Ukikimbia, kila hatua inakushusha na mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kilomita moja ya mbio za polepole ni zaidi ya hatua 1,000. Mtu aliyekuwa na kilo 65 wakati wa UMISSETA leo ana 90, na kano ni zile zile, zimekaa bila kazi miaka 20. Kutembea kwa kasi kunapitisha mzigo ulio karibu na uzito wako wenyewe tu. Ndiyo maana tunaanzia hapo. Wiki mbili za mwanzo ni kutembea kwa kasi dakika 30. Wiki ya tatu tunaingiza dakika moja ya mbio na nne za kutembea, mara sita. Halafu tunaongeza kidogo kidogo, mpaka wiki ya 12 mtu anakimbia dakika 30 mfululizo bila kusimama. Mpaka wiki ya sita kutembea ndiko kunakotawala, na hapo ndipo simu za malalamiko zinapoanza.

Katikati ya wiki kuna kazi nyingine ambayo watu huiona ya kitoto: kupanda na kushuka kisigino kwa mguu mmoja, ukishikilia ukuta. Kwenye tathmini tunahesabu umefika mangapi kabla mguu haujatetemeka. Tunataka ufike 20 kila mguu kabla hatujakuruhusu kuongeza kasi. Wanaume wenye vigimbi vikubwa huja na uhakika wa 50, na wengi hukwama kwenye tisa au kumi. Pale ndipo mtu anakaa kwenye benchi na kuanza kunisikiliza.

Nimkumbuke kaka mmoja aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 shuleni. Wiki ya tatu alikuwa anafanya vizuri mno. Jumapili moja akaenda peke yake Daraja la Tanzanite, akakuta vijana wanashindana kuelekea Coco Beach, damu ikamchemka akaingia. Anasema aliwapita wawili. Kabla daraja halijaisha alihisi kama amepigwa jiwe kwenye kigimbi kwa nyuma, akageuka kutafuta aliyerusha. Hakukuwa na mtu. Misuli ilikuwa imechanika. Alikaa nje miezi miwili na nusu, akalipa kipimo cha picha, akalipa mazoezi ya tiba, akalipa bajaji kwenda na kurudi kila mara. Jumla aliyoniambia ilizidi mara tatu ya ada yetu. Kisha akarudi kuanza wiki ya kwanza, akitembea.

Hapo tufike kwenye bei, maana najua inasemwa. Programu ya wiki 12 ni shilingi 150,000. Naambiwa klabu za jogingi mtaani ni bure, au unachangia buku mbili ya maji. Ni kweli, na nazipenda klabu hizo. Zimewatoa watu kitandani Jumamosi asubuhi kuliko tangazo lolote. Ila kule kasi inapangwa na walio mbele, wale wa miaka 25 wenye filimbi. Wa miaka 48 aliyetoka kwenye kiti cha ofisi juzi ana njia mbili tu: akazane asiachwe, au aachwe akate tamaa. Kwetu kundi halizidi watu sita kwa kocha mmoja, kwa sababu mtu wa saba simwoni anavyokanyaga. Katika hiyo 150,000 kuna tathmini ya saa nzima, ratiba inayobadilishwa kila Jumapili kulingana na ulivyoamka, na kocha anayekupigia simu ukikosa siku mbili. Sehemu kubwa ya unacholipia ni mtu wa kukuzuia siku unayojisikia vizuri kupita kiasi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupiga filimbi, na siipunguzii bei.

Njia ya mkato inayoniumiza kuliko zote ni diklofenaki, kidonge cha kutuliza maumivu. Mtu ana maumivu ya unyayo asubuhi, ile hatua ya kwanza kutoka kitandani anachechemea, akishatembea kidogo yanapungua. Hiyo ni dalili kwamba utando wa chini ya unyayo umelemewa, na ukiwahiwa unatulia kwa kupunguza mbio na kunyoosha vigimbi. Badala yake anapita duka la dawa, anameza viwili, anakimbia. Maumivu yanazimwa, jeraha linaendelea. Na joto la Dar la Januari, jasho linakutoka, maji mwilini yamepungua, kidonge hicho kinaenda kuzibana figo wakati zenyewe zinahangaika. Mama mmoja alikimbia hivyo kwa miezi minne kabla ya kutufikia. Alipokuja hakuweza kusimama jikoni hadi ugali uive. Ilituchukua karibu mwaka kumrudisha barabarani, na lile jambo lingeweza kwisha kwa wiki chache tu.

Raba nazo zina maneno yake. Sina ugomvi na mtumba. Pale soko la Karume unaweza kupata raba nzuri kuliko mpya za dukani. Tatizo ni kwamba soli ya kati, ile laini inayopokea kishindo, inazeeka hata kama kitambaa cha juu kinang'aa. Raba ya mbio hutumika kama kilomita 500 hadi 800, na aliyeivaa kabla yako hakukuandikia alizotumia. Bonyeza soli kwa kidole gumba ubavuni: ikiwa ngumu kama kitasa, iache. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikiinamia upande mmoja, mguu wako utainama nayo. Wateja wetu huja na raba zao na tunawaangalizia bure, hata asiyejiandikisha.

Kuna jambo ambalo sitalijadili bei wala muda wake. Kabla hujakimbia na sisi tunakupima presha, na tunataka majibu yako ya sukari. Mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, alikasirika sana nilipomwambia presha yake ni 170 kwa 100 na leo hatakimbia. "Nimekuja kwako niwe na afya, unanirudisha nyumbani?" Alirudi baada ya wiki tano akiwa kwenye dawa, na leo anakimbia dakika 40. Ukiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo unaorukaruka unapopanda ngazi, nenda hospitali kwanza, mimi nitakusubiri. Na ukishaanza dawa tuambie ni ipi. Atenololi, kwa mfano, ambayo ni dawa ya presha, inashusha mapigo ya moyo, kwa hiyo ile saa ya mkononi inayokuambia bado hujafika kiwango itakusukuma kupita uwezo wako. Ndiyo sababu kwetu kipimo ni maongezi. Ukiweza kusimulia habari ya jana sentensi nzima bila kukatika, kasi ni sawa. Ukijibu neno moja moja, punguza.

Akina mama waliopita ukomo wa hedhi nawaomba wasione vibaya tukiwapa vyuma kabla ya mbio. Homoni iliyokuwa inailinda mifupa imeshuka, na mfupa unahitaji kusukumwa taratibu ili ukazane. Mwenzenu mmoja wa miaka 52 alianza na sisi hawezi kwenda dakika moja. Alifuata ratiba yote, hata zile siku za kutembea alizokuwa akiona zinamchosha roho. Msimu uliofuata alikimbia kilomita 21 Moshi, akapanda kile kilima cha kuelekea Mweka ambako vijana wengi walikuwa wanatembea, akashuka, akamaliza bila kuchechemea. Picha yake iko ukutani kwetu na ninajivunia nayo kuliko mteja yeyote wa kasi.

Wateja hupenda kunitajia Kenenisa Bekele, aliyekimbia London 2024 kwa saa 2:04:15 akiwa na miaka 41, au Edna Kiplagat, bingwa wa Boston 2021 akiwa na umri huo huo. Mifano mizuri, na inaonyesha kwamba umri wenyewe si kizuizi. Lakini hao hawakupumzika miaka 20 wakarudi. Kano zao hazijawahi kusahau kazi. Wewe unarudi kutoka mbali, na safari yako inastahili ratiba yake.

Kwa wanaolenga Kilimanjaro Marathoni, ambayo huwa mwishoni mwa Februari: anayetoka kwenye mapumziko marefu na anataka kilomita 21 aanze na sisi Agosti. Wiki 12 za kurudi, halafu miezi mitatu ya kuongeza umbali na kuzoea vilima, kwa sababu Dar ni tambarare na kuipanda Mweka bila mazoezi ya mlima ni kujitesa, na kuishuka kunaumiza mapaja zaidi. Anayekuja Desemba simwandikishi kwa 21, hata akilipa mara mbili. Kuna mbio za kilomita 5 siku hiyo hiyo na tutampeleka huko kwa furaha.

Tathmini ni Jumamosi kuanzia saa 12 asubuhi. Kunywa maji usiku wa kuamkia siku hiyo, usile kizito, na njoo na raba unazokimbilia sasa hivi, hata kama zimechakaa, maana soli iliyolika inanionyesha unavyokanyaga.