Paa la Makuti Likivuja, Usiyalaumu Makuti

Juzi tena tumepigiwa simu: "Nyie mafundi mmenila pesa. Makuti mwaka wa pili tu, maji yanaingia mpaka kitandani!" Tukaenda kuangalia. Paa lenyewe si letu. Alituomba bei, akaiona kubwa, akachukua fundi mwingine. Namba aliyobaki nayo ndiyo yetu, basi lawama tukazibeba sisi.

Kuti halizuii maji kama bati. Huyateremsha, na ili yateremke upesi paa lazima lisimame. Sisi hatushuki chini ya mwinuko wa nyuzi 45. Mteja wetu mmoja wa Watamu, Mwingereza, hakubishana: kwao zile nyumba za kale za fremu ya mwaloni huezekwa kwa matete, na paa huinuliwa hata nyuzi 50. Wengine hulia, "Mbona boriti nyingi hivyo?" Paa likisimama, kombamoyo, ile miti ya mikoko inayoshuka toka kileleni kubeba makuti, hurefuka, na mikoko hukatwa kwa kibali cha KFS, Shirika la Misitu la Kenya, haiokotwi ufukweni. Na ndiyo, kubambua maganda tunatoza. Maganda yakibaki, bungua, mdudu anayetoboa miti, huhamia humo na unga wake utaukuta kwenye chai yako.

Kisha kuna nafasi. Makuti tunayafunga vidole vinne kwa vidole vinne, sentimita 8 hivi. Kombamoyo ya mita 6 hubeba safu 75. Fundi wa bei poa hupima shibiri, na safu 30 hazifiki. Ukiwa chini huoni tofauti mpaka masika ianze.

Ila kinachotuuma zaidi ni nailoni. Mwenye banda moja la wageni Kikambala aliitandika chini ya makuti ili anunue makuti machache, na mwaka wa kwanza alitucheka. Makuti yakilowa hukaushwa na upepo wa juu na wa chini. Ukiziba chini yanatoka jasho. Tulipofungua, kuti lilikatika mkononi kama tumbaku mbichi, fito zimeota ukungu, kamba za usumba, zile za nyuzi za nazi, zimeoza mafundoni. Hapakuwa na cha kuokoa. Alilipa paa zima upya, na gharama ya kubomoa vilevile. Paa la jirani yake, kazi yetu ya mwaka ule ule, lilitaka viraka vya mgongoni tu, pale kileleni.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, akiwemo wetu, panda ngazi uweke vidole vinne kati ya safu na safu. Kikiingia kiganja kizima, mwambie afungue aanze upya.