Msitufutishe ekstensheni, tufundisheni kusoma ruhusa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala kwenye ukurasa wenu wa teknolojia iliyotuambia tufute ekstensheni zote, yaani vile vijiprogramu vya kuiongezea brauza uwezo, kwenye brauza zetu (Chrome, Firefox na nyingine tunazofungulia tovuti) eti ndo usalama, nikaona hapana, hii lazima niijibu, maana mwandishi tatizo kaliona vizuri kabisa ila dawa aliyotoa ni ya kuchoma nyumba kwa sababu ya kunguni. Mimi nashinda kwenye brauza kutwa nzima kikazi na ukinitolea hizo ekstensheni nusu ya kazi yangu inasimama, na nina hakika wasomaji wenu wengi wako hivyo hivyo ila hawajui tu kwamba kile kitufe wanachobofya kila siku pale juu kulia ni ekstensheni.

Brauza yenyewe kwa asili haina mambo mengi. Inaleta ukurasa, inauonyesha, inakumbuka ulikopita, basi. Waliozitengeneza hawawezi kuweka ndani kila anachotaka kila mtu, wangejaribu ingekuwa mzigo hata kufunguka shida. Firefox ilipotoka Novemba 2004 ilikuwa imeachwa nyepesi makusudi, anayetaka zaidi ajiongezee mwenyewe, na hilo ndo lilifanya watu wengi waihamie. Chrome ilipokuja 2008 haikuwa na ekstensheni hata moja, watu wakawa wanaisifia kwa spidi halafu wanarudi Firefox kwa sababu ya vikorokoro vyao, mpaka Januari 2010 toleo la 4 lilipokuja nazo. Safari, brauza ya Apple, nayo ikafuata mwaka huo huo. Kwa hiyo hii siyo michezo ya vijana wa kompyuta kama makala ilivyotaka tuamini, ni sehemu ya brauza kabisa, na kuna vitu leo tunaviona vya kawaida vilianzia huko. Ile sehemu inayofunguka ukibonyeza F12, ambayo watengeneza tovuti wanaitumia kuchungulia ukurasa umejengwaje, ilipata umaarufu kupitia ekstensheni ya Firefox iliyoitwa Firebug, ya 2006, brauza zikaiga zikaweka ndani, Firebug yenyewe ikafa 2017 maana kazi yake ilishachukuliwa.

Sasa mwandishi wenu anasema tufute zote. Hata ya kutunza paswedi? Hebu niieleze hii kidogo maana hapa ndo makala imepotosha hasa. Ekstensheni ya kutunza paswedi, mfano Bitwarden, haiangalii sura ya ukurasa, inaangalia anwani. Wewe ukitumiwa linki ya benki ya uongo, nembo ipo, rangi ile ile, maandishi yale yale, herufi moja tu kwenye anwani ndo imebadilishwa, jicho lako litapita moja kwa moja na utajaza paswedi yako bila wasiwasi. Ekstensheni itakaa kimya. Haitakuletea jina wala paswedi kwa sababu anwani hiyo haimo kwenye orodha yake, na ule ukimya tu unatosha kukustua, unajiuliza mbona leo haijazi? Mtu aliyetii makala yenu akaifuta hii amejiondolea ulinzi akidhani anajilinda.

Nyingine sitazieleza sana. Kuna Dark Reader inayogeuza ukurasa mweupe kuwa mweusi usiku macho yapumzike, kuna Zotero ambayo mwanafunzi anabofya mara moja tu na makala inahifadhiwa na jina la mwandishi na mwaka na kila kitu, kuna za kutafsiri, za kukuza maandishi kwa wenye macho dhaifu, za kusoma ukurasa kwa sauti, za kuongeza spidi ya video. Na za kuzuia matangazo, hizi ndo zinapendwa kuliko zote nadhani na nitazirudia.

Inafanyaje kazi? Hapa naomba mnivumilie maana ndo kiini cha barua yangu. Ekstensheni ni kifurushi kidogo cha mafaili, ndani yake ni HTML, CSS na JavaScript, vitu vile vile vinavyojenga tovuti yoyote, hakuna uchawi. Katikati yake kuna faili moja linaitwa manifest.json, hilo ndo kama cheti chake, limeandikwa jina, toleo na ruhusa inazoomba. Ukishaikubali, brauza inaichukua ile JavaScript na kuichomeka ndani ya kurasa unazofungua, kwa hiyo ekstensheni inauona ukurasa kama unavyouona wewe, inaweza kufuta tangazo, kubadili rangi, kuongeza kitufe. Uwezo huo huo ndo unaoiwezesha kusoma unachoandika, ujumbe ulioufungua, namba ya kadi unayoijaza, kama imepewa ruhusa ya kurasa hizo. Huwezi kupata uzuri bila uwezo huo, ni kitu kimoja. Ndo maana kusema zote mbaya ni kosa na kusema zote salama pia ni kosa, kinachotakiwa ni kuangalia ipi imepewa nini.

Na brauza inakuambia! Ukiwa unainstoo inatokea dirisha dogo linalosema ekstensheni hii itaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Watu wanabofya kukubali bila kusoma, wana haraka. Lakini simameni hapo sekunde chache tu mjiulize, kikokotoo kinataka kusoma tovuti zote cha nini? Cha kubadili picha ya ukurasa wa mwanzo kinataka historia yangu ya kuperuzi ya nini? Mtunza paswedi nitamwelewa, kizuia matangazo nitakielewa, kazi zao kwa kawaida zinahitaji hiyo. Kikokotoo hapana.

Tena kuna kitu makala haikugusa kabisa na mimi naona ndo cha hatari kuliko vyote, kwamba ekstensheni nzuri uliyoinstoo leo inaweza kubadilika kesho na wewe hujagusa kitu. Zinajiapdeti zenyewe kimya kimya. Chukueni The Great Suspender, ilikuwa inasimamisha tabo usizotumia ili kompyuta isielemewe, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 na ilikuwa nzuri kweli, miaka mingi watu wanapendekezeana. Mwaka 2020 aliyeitengeneza akaiuza kwa mtu asiyejulikana. Ikaendelea kuonekana ile ile, ikoni ile ile, kazi ile ile, ila wajuzi waliochungulia wakaanza kukuta mambo ndani yasiyoeleweka, na Februari 2021 Google ikaitoa kwenye duka lake la ekstensheni na kuizima kwenye kompyuta za watu kwa kuwa ilikuwa na programu hasidi. Kumbuka Chrome ina utaratibu kwamba apdeti ikiomba ruhusa mpya nzito inazimwa kwanza mpaka ukubali, lakini mwenye mali mpya hakuhitaji kuomba nyingi, ruhusa za kurasa zote watu walishatoa zamani kwa mtu waliyemwamini. Alinunua na ruhusa zao humo humo.

Na si lazima hata iuzwe. Desemba 2024 mfanyakazi wa Cyberhaven, ambayo ni kampuni ya usalama wa data jamani, alitumiwa barua pepe iliyojifanya imetoka kwa watu wa duka la ekstensheni la Chrome ikimtisha kwamba ekstensheni yao itatolewa, akafuata linki akatoa idhini, wahalifu wakapandisha toleo lao lenye wizi ndani siku ya Krismasi. Likawafikia watumiaji kwa apdeti ya kawaida tu. Lilidumu kama siku moja likaondolewa, na baadaye ikaonekana ekstensheni nyingine kadhaa zilichezewa vile vile. Hapo mtumiaji hana kosa lolote, angefanya nini? Kitu pekee kilicho mikononi mwake ni kuwa na ekstensheni chache na kila moja kuipa eneo dogo la kutamba.

Hilo la eneo dogo ndo nilitegemea kuliona kwenye makala yenu, maana halihitaji utaalamu. Kwenye Chrome au Edge fungua ukurasa wa Viendelezi (ndo ekstensheni hizo hizo), bonyeza maelezo ya kiendelezi kimoja kimoja, utakuta sehemu ya kuchagua kiguse tovuti gani, kuna chaguo la tovuti zote, la tovuti utakazozitaja wewe, na la pale tu unapokibofya. Ya kutafsiri iweke kwenye kubofya, inaamka ukiiita na usipoiita imelala. Ile ya kazini inayohitaji tovuti moja ipe hiyo moja. Za kutunza paswedi na kuzuia matangazo ziachie tovuti zote kama unaziamini. Ukikuta ekstensheni hukumbuki uliiweka lini wala kwa nini, hiyo ndo ya kufuta, hapo mimi na mwandishi wenu tuko pamoja.

Nilisema nitarudi kwenye matangazo. Miaka ya karibuni Google imebadili sheria za ekstensheni za Chrome, wanaita Manifest V3. Zamani kizuia matangazo kilikuwa kinakagua chenyewe kila ombi linalotoka kwenye brauza, yaani kila inapoagiza kitu mtandaoni, na kuamua hili lipite hili lisipite, sasa kinatakiwa kuikabidhi brauza orodha ya kanuni na brauza ndo inazuia. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na spidi, na kwa upande wa usalama siwezi kusema wanadanganya, maana ekstensheni inayoona kila ombi linalopita ndo hiyo hiyo inayoweza kukupeleleza. Lakini kampuni hii hela zake nyingi zinatoka kwenye matangazo, kwa hiyo msitushangae tukiguna. Matokeo yake uBlock Origin, ekstensheni ya kuzuia matangazo iliyokuwa inapendwa sana, imezimwa kwenye Chrome na mtengenezaji wake katoa nyingine iliyopunguzwa makali inaitwa uBlock Origin Lite, inafanya kazi ila siyo kwa kiwango kile. Firefox wameamua kuuacha utaratibu wa zamani uendelee sambamba na mpya, kwa hiyo huko ile kamili ipo bado. Msidhani Firefox nao ni malaika lakini, Mei 2019 cheti chao cha kuthibitisha ekstensheni kiliisha muda bila kuhuishwa na ekstensheni za watu karibu wote zikazimika kwa mpigo, zikiwemo za kulinda faragha.

Wenye simu nao makala iliwaacha gizani, ikawaambia wafute vitu ambavyo wengi wao hawanavyo. Chrome ya kawaida ya Android haikubali ekstensheni. Firefox ya Android inakubali, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa mamia ya ekstensheni baada ya miaka kama mitatu ya kubania watu kwa orodha fupi. Kwenye iPhone Safari imezikubali tangu iOS 15 ya 2021, unazipata kupitia App Store. Na lile dirisha la siri, la Hali Fiche, ekstensheni haziingii humo mpaka uziruhusu mwenyewe, kwa hiyo ukitaka kujua kama ukurasa unagoma kwa sababu ya ekstensheni ufungue humo kwanza kabla hujaanza kufuta ovyo.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Ninyi pia mna tabia ya kutoa zile orodha za "ekstensheni kumi bora" kila baada ya muda, halafu wiki nyingine mnatoka na makala ya kutisha watu wafute zote, msomaji ashike lipi? Mkitoa orodha tena, pembeni ya kila jina andikeni ruhusa inazoomba, nani mmiliki wake kwa sasa, na mara ya mwisho iliapdetiwa lini, mmiliki na tarehe vipo kwenye ukurasa wake dukani na ruhusa utaziona kwenye lile dirisha la kuinstoo, mwandishi hahitaji kumpigia mtu simu. Na ile orodha yenu ya zamani ambayo mpaka leo watu wanatumiana, ipitieni upya, maana ya tatu pale imeshabadilisha mmiliki.

Msomaji wenu wa kila siku