Tambi za Mbinguni

Kibokoni, Mombasa
Januari

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi na mama hatujambo, ila joto la kaskazi latutesa na maji ya mfereji yaja yakitaka. Basi. Nina habari ya picha.

Wakumbuka ulivyonicheka niliposema nitaipiga Simeis 147? Nimeipata! Ni mabaki ya nyota iliyolipuka, nyuzi nyekundu zilizosokotana mpaka watu wakaziita tambi. Iko karibu na Elnath, nyota ya ncha ya pembe ya Thauri, lile kundi la nyota la fahali. Upana wake ni kama miezi mipevu sita iliyopangwa safu, na bado jicho haliioni hata chembe. Watu wa Ulaya huiwinda majira yao ya baridi, wamejifunika makoti. Mimi nilikuwa juu ya paa na kanga, jasho lanitiririka.

Kazi ilikuwa kuilenga ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ili kamera izunguke sawa nazo. Wenzetu huko wana Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, haituchomozei, na ncha ya kusini iko chini mno, imefichwa na majumba. Nikashika dira, nikapiga picha za majaribio, nikakaza skrubu, nikalegeza, na nyota zinatoka ndefu kama punje za mchele. Usiku wa kwanza wote ukaishia hapo.

Mataa ya bandari niliyakwepa kwa kichujio kinachopitisha wekundu wa hidrojeni tu. Umande ndio ulionishinda: ulifunga lenzi nikapoteza picha ishirini nzima. Nikaizungushia soksi iliyojaa mchele uliopashwa moto. Mama aliponiona! "Mchele wangu wa pilau?"

Mwishowe nikapata picha 92, kila moja ya dakika 5. Nilipozipandanisha kwenye kompyuta, nyuzi zikajitokeza taratibu, hafifu. Ningeweza kuzikoleza zing'ae kama za wengine, lakini nimeziacha hivyo. Moyo wa nyota hiyo ungaliko, wazunguka mara saba kwa sekunde. Huo kamera yangu haiuwezi.

Sasa nautaka ule wekundu pamoja na ubuluu wa oksijeni, na hapa mataa hayaniruhusu. Nakuja kwako Lamu mwezi ukikaribia kuandama. Niwekee paa wazi, na umbembeleze yule jirani yako azime taa yake ya nje.

Wako,
wa juu ya paa