Kabla hujasaini pambano la siku 16

Swahiba wangu Mbwana,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa vijana wote wa mazoezini. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kijana ameitwa Uingereza, siku 16 zimebaki, raundi 10, uzito wa super feather, mpinzani ni mwenyeji na tiketi zinauzwa kwa jina lake. Unaniuliza atashinda au hatashinda. Nakuomba swali hilo uliweke kando kwanza, ujiulize jingine: akishindwa, atarudi na nini? Kuna kushindwa kunakomfungulia bondia milango, na kuna kushindwa kunakomgeuza mtu wa kuitwa ili wenzake wapate rekodi. Ni lipi kati ya hayo litampata, mara nyingi huamuliwa kabla ndege haijaruka.

Mshike bondia Azumah Nelson wa Accra, Ghana, kama kipimo. Julai 1982 Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa WBC (Baraza la Ngumi Duniani) uzito wa unyoya, alipangiwa mpinzani mwingine Madison Square Garden. Mpinzani yule akatoka, akaitwa Azumah dakika za mwisho. Alikuwa na mapambano 13 tu, yote ameshinda, na Marekani karibu hakuna aliyemjua. Raundi ya 7 akaangushwa. Akainuka, akaendelea kurushiana makonde na bingwa hadi raundi ya 15, ya mwisho kwa kanuni za wakati ule, ndipo refa akasimamisha. Alishindwa kwa kusimamishwa (TKO), lakini kuanzia usiku ule kila promota alilijua jina lake. Wiki tatu baadaye Sánchez akafariki kwa ajali ya gari. Desemba 8, 1984, Azumah alikwenda San Juan, Puerto Rico, akamsimamisha Wilfredo Gómez nyumbani kwake katika raundi ya 11 na kuuchukua mkanda uleule.

Sasa angalia alichokuwa nacho kabla hajaitwa. Dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Ubingwa wa Jumuiya ya Madola kwenye ngumi za kulipwa, 1981. Uzito ule wa unyoya, kilo 57.15, ndio uliokuwa wake tangu ridhaa, hakuhitaji kujikamua ili aufikie. Na pumzi: mtu hafiki raundi ya 15 mbele ya Sánchez kwa mazoezi ya wiki mbili. Pumzi ile ilikuwa imeshajengwa, simu ilimkuta nayo.

Kwa hiyo mpime kijana wako kesho, usingoje keshokutwa. Raundi 8 za dakika 3, wapinzani watatu wakibadilishana ili kila mara akutane na mtu mbichi. Mwisho wa raundi ya 4 na ya 8 hesabu mapigo ya moyo mara tu kengele inapolia, kisha hesabu tena baada ya dakika moja ya kupumzika. Yakiwa yameshuka kwa 30 au zaidi, pumzi ipo. Yakishuka kwa 15 au 20 na mikono imeshaanza kushuka chini ya kidevu, kataa pambano. Siku 16 zinatosha kunoa, hazitoshi kujenga. Makocha wengi hukosea hapa: wanaongeza mbio na kupigana kila siku ili "kuwahi", na kijana anapanda ulingoni miguu imeshachoka. Pambano gumu la mazoezi la mwisho liwe siku ya 6 kabla, basi. Baada ya hapo kuruka kamba, kupigana na kivuli na pedi fupi.

La pili ni mizani. Super feather ni pauni 130, yaani kilo 58.97. Hukuniandikia kijana anatembea na kilo ngapi, na hilo ndilo nililotaka kulijua kuliko yote. Akiwa leo asubuhi, kabla ya chai, hajazidi 62.5, inawezekana. Kilo 2 zitoke kwa chakula ndani ya siku 12: punguza ugali, chapati na mafuta, abaki na samaki, mayai, maharage na mboga. Kilo 1.5 na kidogo iliyobaki ni chumvi, makapi ya chakula tumboni na maji ya siku mbili za mwisho. Akiwa na 64 au 65, mwambie promota mkutane kwenye uzito mtakaokubaliana, tuseme kilo 61, na uandikwe kwenye mkataba. Akikataa, achana naye. Bondia aliyejikausha hujiona mzima raundi tatu za mwanzo. Kuanzia ya 5 au ya 6 miguu hufa, na kichwa kilichopungukiwa maji hakistahimili konde ambalo siku nyingine kingelistahimili. Vijana wanaopata maafa ulingoni, mara nyingi hadithi yao huanzia kwenye mizani.

Akishapima, siku moja kabla ya pambano, maji yarudi polepole: lita moja na nusu kwa kila kilo iliyotoka, yenye chumvichumvi zile za pakiti wanazopewa wanaoharisha, kwa vikombe vidogo vidogo mpaka usiku. Akigida lita tatu kwa mkupuo tumbo litamsumbua hadi ulingoni. Na vidonge vya kukojosha asiviguse kabisa. Vimepigwa marufuku kwenye vipimo vya dawa, na huondoa madini ambayo moyo unayahitaji.

Azumah mwenyewe aliwahi kuuvuka uzito wake, na ulimkatalia. Mwaka 1988 alipanda kutoka unyoya kwenda super feather, akamshinda Mario Martínez kwa pointi za majaji waliogawanyika, akakaa vizuri pale. Mei 1990 akapanda tena hadi kilo 61.23 kumfuata Pernell Whitaker, na Whitaker akamshinda kwa pointi bila ubishi. Kilo mbili zinaonekana ndogo kwenye karatasi, ila Whitaker alikuwa mkono wa kushoto, mwepesi wa miguu, na uzito ule ulikuwa wa kwake. Busara ya Azumah naiona kwenye hatua iliyofuata: mkanda wake wa super feather haukuwa mezani usiku ule, akarudi kwenye kilo zake na kuendelea kuutetea.

Sasa hili la Fenech, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu linatugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Juni 28, 1991, Las Vegas, Azumah alikutana na Jeff Fenech wa Australia, ambaye hakuwa amepoteza pambano. Fenech alimbana kwa raundi 12, kifua kwa kifua, akimsukuma kwenye kamba. Matokeo yakatangazwa sare, na waliolitazama wengi waliamini Fenech ameonewa. WBC wenyewe walirudi kwenye pambano lile mwaka 2022, miaka 31 baadaye, wakampa Fenech ushindi. Azumah alieleza kwamba alipanda na malaria.

Machi 1, 1992 wakarudiana Melbourne, uwanja wa wazi, mashabiki wote wa Fenech. Azumah hakukubali kurudishwa kwenye kamba. Alisimama katikati ya ulingo, akangoja Fenech aingie kwa pupa kama alivyozoea, akamkuta na mkono wa kulia. Fenech aliangushwa raundi ya 1, akaangushwa ya 2, na ya 8 refa akasimamisha. Mpinzani yuleyule, miezi minane tu katikati. Mimi nasema vilivyobadilika ni viwili, mwili mzima na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo kijana apimwe malaria mara mbili: leo, na siku tatu kabla ya safari. Usingoje homa. Vimelea vichache visivyomlaza mtu kitandani vinatosha kumla damu na kumwibia pumzi. Akikutwa navyo leo, dozi ya mseto ya siku tatu inaisha na bado ana muda wa kupata nguvu, ingawa wiki hiyo upunguze mazoezi kwa nusu. Akikutwa navyo siku tatu kabla ya safari, pambano halipo. Piga simu, sema ukweli, omba tarehe nyingine. Promota atakasirika leo, lakini bondia mgonjwa aliyepigwa mbele ya kamera hataitwa tena hata na promota mwenye huruma.

Kuhusu kupigana ugenini usiogope kupita kiasi. Azumah alimwangusha Pat Cowdell raundi ya 1 huko Birmingham, Oktoba 1985, kwa konde la kushoto lililopanda kutoka chini hadi kidevuni. Cowdell huyo alikuwa amemfikisha Sánchez kwenye uamuzi wa majaji waliogawanyika. Na Hassan Mwakinyo wetu wa Tanga, mji huohuo wa Birmingham, Septemba 2018, alimmaliza Sam Eggington raundi ya 2. Ila jua kanuni moja ya kule: kwenye mapambano ya kawaida yasiyo ya mkanda, hakuna majaji watatu pembeni. Refa ndiye anayehesabu pointi peke yake. Kijana anayekaa kwenye kamba akitegemea kujibu makonde mawili ya mwisho wa raundi, raundi hiyo ameipoteza. Afundishwe kuanza raundi kwa konde la mkono wa mbele na kuimaliza katikati ya ulingo, refa akimwona.

Glovu za uzito huo ni wakia 8, na unayo haki ya kuziangalia kabla hazijafungwa. Mnayo haki pia ya kumtuma mtu wenu akashuhudie mpinzani akifungwa bendeji. Plasta isipite juu ya vifundo vya ngumi. Bendeji za kijana zisaidie kiungo cha mkono na mifupa ya kiganja, zisikazwe mpaka vidole vipoteze damu. Akikunja ngumi mara kumi na vidole vikafa ganzi, fungua uanze upya. Kwenye kona usiende na binamu aliyetaka kuona Ulaya. Kodi mtu wa huko anayejua kuzuia damu: adrenalini ya 1 kwa 1,000 kwenye pamba, akandamize jeraha kwa nguvu sekunde 30 au 40, kisha vaselini. Dakika ya mapumziko haina nafasi ya watu watatu kupiga kelele. Akae, avute pumzi mara tatu, maji kidogo, halafu wewe peke yako umwambie jambo moja. Mawili hatayakumbuka.

Makaratasi: barua ya ruhusa kutoka TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa Tanzania, vipimo vya damu vya Ukimwi na homa ya ini B na C, macho, na picha ya MRI ya ubongo. Hiyo MRI ndiyo huchelewesha, ianze kesho. Kwenye malipo uliza kiasi kitakachofika mkononi, usikubali kutajiwa kile cha juu. Uingereza kwa kawaida hukata asilimia 20 ya malipo ya wanamichezo wageni kama kodi kabla hata hujayaona. Iandikwe nani analipa viza, tiketi za watu wangapi, hoteli kuanzia siku gani (wafike angalau siku nne kabla), na vipimo ni kwa gharama ya nani. Kama kuna kifungu cha marudiano, soma bei yake. Kijana akishinda, wenyeji watataka arudi, na mara nyingi wameshaandika bei ya aliyeshindwa.

Najua una haraka naye kwa kuwa ametimiza miaka 26 na unaona muda unakwenda. Azumah alishika ubingwa wa dunia akiwa na 26. Alipoupoteza kwa Jesse James Leija Mei 1994 watu walisema kwisha. Alikaa bila pambano hadi Desemba 1995, akiwa na 37 akamsimamisha Gabriel Ruelas raundi ya 5 na kuurudisha mkanda, na mwaka uliofuata akamsimamisha Leija pia raundi ya 6. Kilichompa miaka ile ni kuchagua wakati wa kupanda na wakati wa kukaa. Mwisho ulifika hata hivyo: Genaro Hernández 1997, Leija tena 1998. Pambano la 2008 na Fenech, akiwa na miaka 49, mimi ningependa lisingekuwepo.

Jambo moja zaidi, likikusibu. Akipigwa KO, iwe kule au hapa, asivae glovu za kupigana kwa siku 90 hata kama tume itampa 30 tu, na asirudi kabla ya picha nyingine ya kichwa. Wiki mbili za kwanza akiamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au akisahau jana yake, hospitali siku hiyohiyo.

Nitumie uzito wake wa asubuhi, zile hesabu za mapigo baada ya raundi ya 4 na ya 8, na picha ya ukurasa wa mkataba wenye kilo, raundi na malipo. Ukinipa hivyo vitatu kabla ya Ijumaa tutajua la kumjibu promota.

Wako,
Athumani