Shangazi, Sultana haipo tena

Shikamoo Shangazi,

Uliniagiza nikipita Malindi yetu ya Unguja nikupigie picha ya jengo la sinema ya Sultana nikutumie huko Maskati. Nimepita, ila cha kupiga picha hakuna. Sinema ile, ambayo sie tuliozaliwa baada ya Mapinduzi tuliijua kwa jina la Cine Afrique, iligeuzwa duka zamani. Empire ya Darajani nayo ni duka vilevile, watu wanaingia kununua sabuni na maziwa ya kopo. Iliyobaki imesimama ni Majestic ya Vuga, tena tuseme imesimama kuta tu, maana paa lilishaanguka. Wapo wanaohangaika kuifufua, Mungu awape nguvu.

Ya Majestic yanajulikana. Mwanzo pale palikuwa na Royal, iliyofunguliwa 1921, fedha za mfanyabiashara Jariwalla, ramani ya Sinclair, yule Mwingereza aliyechora pia Mahakama Kuu na Beit el Amani. Ikaungua moto miaka ya 1950, ikajengwa mpya iliyofunguliwa 1955. Baada ya 1964 sinema zikataifishwa. Nani alichora, nani alilipa, nani alichukua: hayo yameandikwa. Nyie mliokuwa mkikaa ndani gizani hamkuandikwa sana.

Marehemu Bibi alikuwa akinihadithia Jumapili zenu. Kanga na magauni yamepigwa pasi tangu asubuhi, asumini kichwani, buibui limefukizwa udi, njia nzima inanukia. Picha mpya ya Kihindi ikiingia, tiketi zinakwisha mapema, na walanguzi wanakungoja pale nje na bei yao. Akasema mkanda mmoja ulikuwa ukionyeshwa sinema mbili usiku mmoja. Huku wakimaliza kipande cha kwanza, kijana anakipakia kwenye baskeli na kukipeleka mbio upande wa pili, kisha anarudi kuchukua kingine. Akipata pancha njiani, taa zinawashwa, ukumbi mzima unapiga miluzi na matusi. Huyo kijana ndiye ninayemtaka mimi. Sinclair ana majengo yake yanamtosha.

Na Mother India ya 1957! Bibi aliijua yote, tangu Nargis, anayecheza mama, anavuta jembe kwa mabega yake mpaka anampiga risasi mwanawe wa kumzaa. Akifika hapo hunyamaza, akavuta ncha ya kanga. Kihindi hakujua hata neno. Nilimwuliza siku moja alielewaje, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini analia msibani.

Watu wanasema video ndiyo iliyoziua sinema. Mimi nasema ilizikuta tayari zinaumwa. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, mikanda mipya haiji, iliyopo imechakaa na kukatikakatika, viti vimetoka misumari. TV ya rangi Unguja tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970, wenzetu wa Bara hawajaiona mpaka 1994, na sinema ziliendelea kujaa. Halafu deki za video zikaingia. Na deki, Shangazi, zilitoka wapi? Si huko huko Ghuba, kwenye masanduku yenu? Mlituletea kwa mapenzi, hatukatai, ila na nyie mna lenu katika msiba huu.

Basi picha huipati, lakini mimi nina ombi. Nirekodie sauti kwenye WhatsApp, hata vipande vipande, ukimaliza kupika. Mlikaa chini au balkoni? Yale maonyesho ya wanawake peke yao yalikuwa siku gani, na watoto mliwaacha na nani? Wakati wa intavali mlinunua nini pale nje? Yule wa baskeli alikuwa mtoto wa mtaa gani? Na ile nyimbo unayoivumisha kila ukikuna nazi ni ya picha gani, maana wanao nimewauliza wote na kila mmoja kanipa jibu lake.

Wasalimie wote. Baba anakuomba usisahau ile halua.