Jiko la peleti: acheni kukimbilia kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na wenzangu tulioko huku kwenye baridi, hasa sisi wa Maine huku Marekani, maana kila ikikaribia Septemba magrupu ya WhatsApp yanajaa swali moja tu, jiko la peleti (la kupasha nyumba joto, si la kupikia) la saizi gani linafaa nyumba yangu, na jibu nalo ni moja, chukua kubwa bana usije ukajuta. Mimi nakataa.

Kwa msomaji wa Dar au Bukavu ambaye hajaliona, peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi, unauzwa kwenye mifuko ya paundi 40, yaani kilo 18 hivi, na mifuko 50 ndiyo tani. Unamimina kwenye tangi la jiko, skrubu ya umeme inavidondosha motoni kidogo kidogo, feni inasukuma joto sebuleni. Ndo maana umeme ukikatika na jiko nalo linakufa, hilo muuzaji hakwambii mpaka ulipie.

Sasa saizi. Boksi linaandikwa linapasha mpaka futi za mraba 2,000, haya, za nyumba ipi na iko wapi? Boksi hilo hilo linauzwa Virginia, kusini kusiko na baridi kama yetu, na linauzwa hapa. Na sisi nyumba tunazoweza kununua ni zile za mbao za zamani, dirisha limefungwa na pazia bado linacheza. Futi za mraba hazijui hayo. Risiti za mafuta ya boila inayopasha nyumba sasa ndo zinajua, kwa hiyo kabla hujaenda dukani tafuta za winta nzima iliyopita ujumlishe galoni. Tani moja ya peleti ni kama galoni 120 za mafuta, kwa hiyo nyumba iliyokula galoni 700 itataka karibu tani 6 kama unataka jiko libebe kila kitu.

Nyumba hiyo hiyo, siku ile mbaya kabisa ya sifuri Farenhaiti (18 chini ya sifuri kwa Selsiasi), inahitaji kama BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Lakini Oktoba nje kukiwa na 50 za Farenhaiti (10 kwa Selsiasi) inahitaji kama 7,000 tu, na hapa ndo watu wanapopigwa, kwa sababu wote wanauliza jiko linafika wapi juu, hakuna anayeuliza linashuka mpaka wapi chini! Jiko la 50,000 hata ukiliweka mwisho wa chini linaweza kuwa bado linatoa 12,000, sebule inakuwa tanuri, mnafungua madirisha, jiko linajizima, baada ya muda linajiwasha tena, kiwashio kinachoka mapema na kioo kinapiga masizi mpaka moto wenyewe huuoni. Ni sufuria la pilau la harusi unachemshia chai ya mtu mmoja.

Halafu muulize muuzaji hizo BTU ni za kuingia (joto lote lililomo kwenye peleti zinazoungua) au za kutoka (joto linalofika ndani ya nyumba), maana mengi yanatangazwa kwa za kuingia, kwa hiyo 50,000 kwenye jiko la ufanisi wa asilimia 80 ni 40,000 tu zinazokufikia wewe. Ukitaka kipimo cha haraka, mfuko mmoja uliochomwa saa 24 unakupa kama BTU 11,000 kwa saa. Siku ya sifuri nyumba yetu ya mfano itakula karibu mifuko mitatu, sasa angalia na tangi, kama linabeba mfuko mmoja tu basi usiku utaamka kujaza.

Kwa nyumba ya namna hii mimi ningechukua jiko dogo kidogo, la 25,000 za kutoka, linaloshuka mpaka 7,000 au 8,000, na boila ya mafuta ningeiacha hapo hapo isaidie zile siku chache za Januari zinazouma. Msiing'oe jamani, hata kama fundi anasema inakula nafasi, kwanza vyumba vya kona joto la jiko haliendi, mabomba ya maji kule yanaweza kuganda.

Walioko Ulaya, majiko yenu yanaandikwa kilowati, zidisha kwa 3,400 mpate BTU. La kilowati 9 ni kama 30,000.

Msomaji wenu,
Lewiston, Maine, Marekani