Umeme wa Olkaria usiwe kichaka cha kampuni kujifichia

Mhariri,

Msimu wa ripoti za mwaka ukifika, kampuni za hapa Kenya hushindana kutangaza zinavyojali mazingira. Tangu Soko la Hisa la Nairobi (NSE) litoe mwongozo wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala mwaka 2021, kurasa hizo zimezidi kunenepa. Baadhi ya kampuni zinastahili pongezi. Nyingi, kwa maoni yangu, zinajisifia kazi ambazo hazikuzifanya.

Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hayo ni matunda ya sera za serikali na fedha za umma zilizochimbia visima vya mvuke huko Olkaria, Naivasha, kwa miongo kadhaa. Kampuni inayolipa tu bili yake ya stima, bila kubadilisha hata balbu moja, hujikuta na hesabu nzuri za hewa chafu. Ni sawa na mkulima kujisifia mvua.

Anayetaka ukweli aende kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Katika kiwanda cha majani chai, umeme huendesha feni za kunyaushia na mashine za kukatia, lakini joto la kukaushia kwa kawaida hutoka kwenye kuni. Kazi yangu ni ukaguzi wa nishati, na kitu cha kwanza ninachotazama ni rundo la magogo: yako chini ya paa au yananyeshewa? Gogo bichi hutumia joto jingi kukausha maji yake lenyewe kabla ya kuchemsha yale ya boila. Kisha nafuata bomba la mvuke. Mara nyingi nakuta mahali fundi alipolivua vazi lake la kuzuia joto ili azibe tundu, akaondoka bila kulivisha tena. Kurekebisha hayo hakuhitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Na sheria tunayo. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinataka kila kituo kinachotumia zaidi ya uniti (kilowati-saa) 180,000 za nishati kwa mwaka kikaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu, na ndani ya muda huo kitekeleze walau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Meneja anayejua kwamba ataulizwa kuhusu hiyo nusu hupata bajeti, hata kama juzi alisema hana pesa. Anayeamini kwamba hakuna atakayeuliza huitia ripoti kwenye droo na kunipigia simu muda wa ukaguzi mwingine ukikaribia.

Serikali nayo imekuwa kigeugeu. Mwaka 2020 ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye vifaa vya sola, mwaka uliofuata ikaiondoa. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu mwenye paneli kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili, lakini kanuni zake zilitoka 2024. Katika miaka hiyo mitano, kiwanda kinachofungwa Jumapili kilikuwa na jua tele juu ya paa na hakuna mashine ya kulitumia, kwa hiyo mhandisi makini alipendekeza mtambo mdogo makusudi. Ukiuliza kwa nini kampuni fulani ilisita kuwekeza, usikimbilie kulaumu wakurugenzi peke yao.

Naiomba Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) itangaze kila mwaka, kituo kwa kituo, nani ametimiza ile nusu na nani hajatimiza. NSE nayo izitake kampuni zilizoorodheshwa zitenganishe hesabu: umeme wa gridi mstari wake, kuni, mafuta mazito na dizeli ya jenereta mistari yake. Mwenye hisa akiona mstari wa kuni haujashuka kwa miaka mitatu huku chai iliyokaushwa ni ileile, atakuwa na swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu.

Mkaguzi wa nishati,
Kericho